Hata Kijiko Hawatakipata

Mtu wa kwanza niliyemwambia kwamba nataka kuwaachia maskini mali yangu alikuwa binti mmoja wa ofisi, na aliniuliza kama nimekuja kuandikishwa kwenye orodha ya mgao wa maharagi. Sikumlaumu sana. Nilikuwa nimevaa kikwembe cha kazi, miguu imejaa vumbi jeusi la kwetu Lac Vert, na hapa Goma mwanamke wa umri wangu akiingia katika ofisi ya shirika la misaada, huwa amekuja kupokea.

“Hapana, mutoto yangu,” nilimwambia. “Mimi nimekuja kuleta.”

Alitazama nyuma yangu, labda akidhani nimebeba kuku.

Lakini kabla ya binti huyo kuna shemeji yangu, na bila shemeji yangu nisingeingia ofisi ile hata siku moja. Wako watu wanaowaachia maskini mali yao kwa huruma. Mimi nilianza kwa hasira. Nilitaka yule bwana asipate kitu changu hata kimoja, na njia ya uhakika niliyoiona ilikuwa kuwapa watu wote wengine wa dunia.

Mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Tuliishi Majengo, katika nyumba tuliyoijenga wenyewe, msingi wa mawe ya volkano na kuta za mbao, mimi kwa cherehani yangu na yeye kwa mshahara wa ualimu, uliokuja siku ulizotaka wenyewe. Mtoto hatukupata. Majirani walisema waliyosema, na ukoo wake ulisema zaidi, lakini yeye hakuwahi kunitupia neno hilo, hata siku tulizogombana tukavunja sahani. Alikuwa na mwandiko mzuri sana. Avenue nzima ilimletea barua zake: za kuomba kazi, za kuposa, za kumsihi mkuu wa shule apokee mtoto asiye na viatu. Aliandika taratibu, ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo, na hakufuta neno hata moja.

Kifua kilipoanza kumsumbua, asubuhi moja alikaa mezani akachukua karatasi ngumu, ile nzuri aliyokuwa akiwaandikia wanafunzi vyeti. Aliandika wosia wake, testama kama tunavyosema huku. Nyumba ya Majengo na vyote vilivyomo anamwachia mke wake. Akaweka tarehe, akatia sahihi, kisha akanisomea kwa sauti ya darasani. Ulikuwa msimu wa kufungua shule na mimi nilikuwa nimezama katika yunifomu za watu. Sikuinua hata kichwa.

“Baba, hii ya mukono batakataa,” nilimwambia. “Batasema uliandika na homa. Enda uipigishe ku mashini, batie na kashe.”

Kashe ni muhuri. Goma nzima inajua kwamba karatasi isiyo na muhuri ni ya kufungia karanga. Alinisikiliza, kama alivyonisikiliza siku zote, na hilo ndilo lililotuponza. Alikwenda kwa wale vijana wanaopiga karatasi kwa kompyuta kando ya barabara, akarudi na ukurasa safi, picha yake ndogo imebanwa kwenye kona, sahihi yake chini, na muhuri wa shefu wa avenue ukiwa umekaa kidogo upande. Tuliuweka ndani ya plastiki chini ya godoro. Tulijiona watu wenye akili.

Alikufa kabla mvua za mwisho wa mwaka hazijatulia.

Siku ya kuondoa matanga ukoo ulikaa uani kwangu. Bidoni ya kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ilikuwa katikati, na shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu, alikuwa kwenye kiti changu kizuri. Alikuwa ametoka Rutshuru na mkewe siku mbili kabla. Alikuwa mtu wa mashamba na maharagi, lakini ujana wake aliutumia kubeba barua za mahakama, na tangu hapo alijiona nusu hakimu. Mfukoni mwa koti lake la matanga alikuwa na mkanda wa kupimia, ule wa chuma wa mafundi seremala. Mtu aliyekuja kumlilia ndugu yake, na mkanda wa kupimia mfukoni! Niliuona asubuhi na sikuelewa. Mchana alipoanza kupima upana wa sebule yangu, nilielewa.

Nilileta plastiki yangu. Aliisoma karatasi pole pole, akaigeuza, akaitazama nyuma, akacheka kwa pua.

“Shemeji, hii hakuandika yeye na mukono yake. Hii ni ya mashini. Hata mbuzi anaweza kupigisha karatasi ku mashini.”

“Kashe iko,” nilisema.

“Kashe ya shefu wa avenue? Ile ni ya kuombea maji. Testama, kama hukuifanya mbele ya mukubwa wa serikali, lazima uandike na mukono yako, kutoka neno ya kwanza mpaka ya mwisho. Tarehe. Sinyatire. Iko wapi ya mukono?”

Wote walinigeukia. Ndugu zake wawili wadogo walikuwa wamesimama mlangoni, wakisubiri kubeba. “Iko wapi ya mukono?” aliuliza tena.

Nilijua ilipo. Ilikuwa ukutani nyuma ya cherehani, imetungikwa kwenye msumari pamoja na vielelezo vyangu vyote vya kukatia mikono na mifuko ya nguo. Mwezi mmoja baada ya kupigisha ile ya mashine nilikuwa nimekosa karatasi ngumu, nikaichukua ile ya mwalimu, nikaikunja katikati na kuikata kwa mkasi wangu mkubwa. Nilikata kielelezo cha kola ya shati la shule. Kwa kola ile nilikuwa nimeshona mashati ya darasa zima, na maneno ya mume wangu yalikuwa bado yanasomeka juu yake: *nyumba yangu ya Majengo namwachia bibi*. Jina langu, tarehe na sahihi vilikuwa vimefagiliwa na takataka.

“Hakuna,” nilisema.

Sijawahi kumwambia mtu mpaka leo ninapoandika.

Baada ya hapo kazi ilikwenda haraka. Kabati, kitanda na meza ya kulia vilipandishwa kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, na kushushwa mteremko, kijana mmoja akishika usukani wa mti na mwingine akivuta nyuma ili isikimbie. Cherehani nayo ingekwenda, lakini mama mmoja wa jumuiya yetu ya kanisa, mwanamke mnene mwenye heri, alikwenda akakaa juu yake na kuanza rozari. Alisali mafungu yote. Kila walipomkaribia alipandisha sauti kwenye Salamu Maria, na hakuna aliyethubutu kumsogeza. Cherehani nilibaki nayo.

Mkasi sikubaki nao. Mke wa shemeji alikuwa anafunga bunda la vikwembe vyangu, akauchukua mezani ili kukata kamba. Alipomaliza aliutia kwenye kikapu chake. Nilimwambia mkasi ni wa kazi yangu. Alinitazama tumboni, si usoni.

“Unashoneaka nani,” aliniuliza, “na hauna mutoto?”

Wanawake wengine waliangalia chini. Yeye hakuangalia chini, na mimi nikaiweka sura yake mahali ambapo haitapotea. Mumewe nilimchukia kama anavyochukiwa mwizi. Huyu nilimchukia kwa karibu zaidi.

Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba sheria ilikuwa na fungu langu, wosia au hakuna wosia. Inawezekana. Lakini fimbo ya mbali haiui nyoka. Sheria haikuwa pale uani. Shemeji alikuwa pale, na mkanda wake.

Nilihamia Lac Vert, barabara ya Sake, kwa kuwa huko ndiko mtu aliweza kupanga chumba bila maswali mengi. Miezi ya kwanza nilikata vitambaa kwa wembe, na alama bado ziko kwenye vidole hivi. Nilishona barabarani chini ya turubai. Nilipata kiwanja kilichokataliwa na watu kwa sababu ya mawe, nikavunja mawe hayo kwa nyundo, yakawa msingi. Leo kuna vyumba vitatu na choo, mlango wa chuma, na mparachichi nilioupanda mwenyewe. Kila jiwe nililovunja nilimtaja shemeji yangu. Padri akisikia, atanisamehe. Wengine husali wakifanya kazi, na mimi nilikuwa na sala yangu.

Vita na volkano vilijaza watu pande zile. Mahema yalipanda mpaka karibu na ukuta wangu, na maji yakawa ugomvi wa kila asubuhi. Kisha shirika moja likaweka robine, bomba la maji, chini kidogo ya kiwanja changu, na juu ya saruji wakabandika kibao kidogo chenye maandishi ya Kifaransa. Nilikuwa nachota hapo muda mrefu kabla sijakisoma. Kilisema maji haya ni zawadi ya testama ya mwanamke fulani, na jina lake la kizungu. Siku fundi wa robine alipokuja kubadilisha mpira uliochakaa, nilimuuliza habari za mwanamke huyo.

“Alikufaka, mama. Kwao Ulaya. Akaandika kama feza yake ifanye maji ya batu maskini.”

“Maskini gani? Alikuwa anatujua?”

“Hapana. Hakufikaka huku hata siku moja.”

“Sasa alikosana na nani?”

Fundi aliacha kazi akanitazama. Nilikuwa nauliza kwa dhati. Mtu mwenye akili timamu hawezi kupeleka mali yake kwa watu asiowajua, ng'ambo ya bahari, kama nyumbani hakuna mtu anayetaka kumkomesha. Nilimwona kabisa mzungu yule amelala kitandani na kalamu, shemeji zake wamesimama mlangoni na mikanda ya kupimia ya kwao. Fundi alicheka mpaka akaangusha spana, lakini mimi nilirudi nyumbani na ndoo yangu nikiwaza. Tangu siku hiyo nilimpenda yule mwanamke. Nilipochota maji nilimsalimu.

Shemeji yangu alianza kunitembelea karibu wakati huo. Alikuwa amehamia Majengo katika nyumba yangu, na habari za vyumba vitatu zilikuwa zimemfikia. Alikuja na maharagi ya Rutshuru kwenye mfuko, akaniita “bibi yetu”, akauliza afya yangu mara nyingi kuliko inavyofaa. Alikunywa chai yangu huku macho yakitembea juu ya ukuta, kutoka kona hadi kona. Hakuhitaji mkanda tena. Alikuwa amezoea kupima kwa macho.

“Weye ni bibi ya ukoo,” aliniambia akiaga, macho yakiwa kwenye kiwanja changu. “Tulitoaka mali ya ndoa juu yako. Siku Mungu atakuita, usiogope. Parseli hii haitapotea. Sisi tuko.”

Mimi sina mtoto, wazazi wangu walishakufa, na ndugu wa tumbo moja sina. Nilijua nikifumba macho atakuja kukaa kwenye kiti changu kizuri mara ya pili. Maharagi yake nilimwaga kwa kuku wa jirani, na kesho yake asubuhi nilikuwa kwenye ofisi ya wale wa robine.

Basi hapo ndipo yule binti aliponiuliza kuhusu orodha. Nilipomweleza, alinivutia kiti, akaniletea maji kwenye glasi.

“Mama, sijaonaka hii. Testama zinatokaka kwa bazungu. Sisi huku njo tunapewaka.”

“Nani alikuambia sisi ni ba kupewa tu?”

Aliona aibu, akaomba radhi. Ni binti mzuri, mwenye adabu. Alichukua daftari akaniuliza ninataka zawadi yangu ifanye nini.

“Ipelekwe mbali,” nilisema. “Kwa maskini wa dunia. Tafuta inchi ya mbali, penye hakuna mashemeji.”

“Mama,” alisema taratibu, “hata kule mbali mashemeji biko.”

Nilicheka kwa mara ya kwanza mbele yake. Alinieleza kwamba shirika linaweza kuuza kiwanja na kupeleka feza penye shida zaidi, popote ulimwenguni, au linaweza kukitunza. Kisha akaniambia kwamba ni lazima niandike kwa mkono wangu mwenyewe, neno la kwanza hadi la mwisho, nisije nikaipigisha kwenye mashine. Hapo nilicheka tena, nikacheka mpaka machozi yakatoka, na binti akadhani ni furaha. Aliongeza kwamba hata muhuri hauhitajiki. Hilo nalo lilinifaa. Mihuri ya mji huu hubadilika kila wenye ofisi wanapobadilika, lakini mwandiko wangu, ingawa mbaya, ni ule ule.

Niliandika nyumbani, mlango wazi, mchana kweupe. Ninajua kuandika, lakini mkono wangu umezoea sindano. Nilikosea na kuanza upya mara nyingi. Niliandika kwamba kiwanja cha Lac Vert na vyote vilivyomo ni vya maskini wa ulimwengu, wa mbali kabisa. Kisha nikafika kwenye sehemu niliyoitaka. Niliandika jina la shemeji yangu lote, la ubatizo na la ukoo, na la mkewe. *Watu hawa wasipate kitu. Wasipate chumba, wasipate jiwe, wasipate parachichi lililoanguka lenyewe. Hata kijiko hawatakipata.* Niliagiza isomwe kwa sauti siku ya kuondoa matanga yangu, mbele ya ukoo, yeye akiwepo. Ingesomwa na yule binti, aliye na sauti ya kusikika.

Hakuna nguo niliyowahi kushona iliyonipa raha kama karatasi ile. Naishona yunifomu ya mtu, nawaza uso wa shemeji yangu wakati neno “kijiko” linasomwa. Nachota maji, nawaza anavyoinuka kwenye kiti. Wakati mwingine nilimfanya aulize, “Iko wapi ya mukono?” na binti anainyanyua juu. Alipokuja na maharagi nilimkaribisha vizuri. Nilimpa chai yenye sukari nyingi. Niliishi kwa hasira ile nikanawiri. Majirani waliniuliza ninatumia dawa gani.

Halafu akafa.

Ugonjwa wa sukari, wiki mbili, amekwisha. Nilipopata habari nilikaa chini kwenye mawe ya uani nikalia, na jirani akanishika bega akisema pole, kumbe ulimpenda shemeji yako. Nilikuwa nalia kwa hasira. Amenikimbia! Karatasi yangu nzuri sasa ingesomwa mbele ya nani?

Nilikwenda kwenye matanga. Nilivaa kikwembe changu kizuri kuliko vyote, kile nilichoshona mikono ya maputo, nikaingia kwenye ua wa Majengo nilioujenga mwenyewe. Msingi wa upande wa jikoni ulikuwa na ufa mrefu tangu mitetemeko ya volkano, na hakuna aliyeuziba. Mke wake alikuwa chini kwenye mkeka, nywele zimenyolewa. Walikuwa na mabinti wawili walioolewa mbali, na barabara ya kuja ilikuwa imefungwa na vita.

Siku ya kuondoa matanga nilikaa mahali ambapo ningeona vizuri. Bidoni ya kasiksi ilikuwepo. Ndugu mdogo, yule aliyebeba kabati langu, sasa ndiye aliyekaa kwenye kiti, na kutoka mfukoni akatoa mkanda wa kupimia. Ule ule. Niliutambua kwa rangi ya njano iliyobanduka pembeni.

“Marehemu alisemaka hii nyumba ni yangu,” mjane alisema kutoka mkekani. “Alinisemesha mara mingi.”

“Kusema si kitu. Iko wapi ya mukono?”

Haikuwepo. Shemeji yangu, bingwa wa sheria, mtu aliyejua kuliko sisi sote namna ya kuandika wosia, hakuandika hata mstari. Mkewe alisema alikuwa anaogopa. Eti mtu akiandika testama anaita kifo. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu! Nilifurahi. Nasema kweli, nilifurahi mpaka tumbo likapata joto. Malipo ni hapa hapa duniani, niliwaza, na nikatamani mume wangu angekuwepo aone.

Walileta chukudu. Waligusa kabati, waligusa kitanda. Yule mwanamke aligeuza kichwa akawatazama wanawake waliokaa pale, mmoja mmoja, na nilijua anatafuta nini. Alikuwa anatafuta mtu wa kwenda kukaa juu ya kitu chake na kuanza rozari. Macho yake yalinifikia. Yakakaa kwangu.

Sikusimama.

Wala mama mwingine yeyote hakusimama. Nilirudi Lac Vert kwa pikipiki, na nilipofika furaha ilikuwa imechacha. Nilijaribu kuirudisha. Nilijikumbusha kikapu, mkasi, alivyonitazama tumboni. Lakini nilichokiona kila nilipofumba macho kilikuwa ule mkanda wa njano. Adui yangu alikuwa amezikwa, na mkanda ulikuwa mzima mfukoni mwa mtu mwingine, bado kijana, mwenye nguvu. Huyo akifa kuna mwingine. Nilikuwa nimetumia miaka yangu kumkasirikia mtu mmoja, na mtu mmoja alikuwa kidogo mno kwa hasira niliyokuwa nayo.

Alifika kwangu siku ya Jumapili baada ya misa, na bunda kichwani. Alikuwa analala kwenye hema la mtu asiyemjua. Nilikuwa namenya viazi mlangoni. Sikumkaribisha na sikumfukuza. Alisimama. Kisha akapiga magoti juu ya yale mawe, akafungua bunda, akatoa mkasi wangu uliofungwa kwenye kitambaa.

“Mama,” alisema. Hakuwahi kuniita hivyo. “Hii njo kitu moja nilificha, basikamate. Ni yako. Ni miye nilikuharibia maisha.”

Niliuchukua. Ulikuwa umenolewa. Niliufungua na kuufunga, na mlio wake ulikuwa ule ule wa siku ile nilipokata kola ya yunifomu. Mkasi huu ndio ulionitoa Majengo. Mumewe aliniuliza tu swali. Jibu nilikuwa nimelikata mimi, kwa mkono wangu, nikalitundika kwenye msumari. Yule mwanamke alikuwa amepiga magoti kuniomba msamaha wa kosa ambalo nusu yake ni yangu, na ningeweza kumwambia ainuke. Neno lilifika mdomoni. Nililimeza.

“Weka bunda mu chumba ya katikati,” nilimwambia. “Maharagi iko jikoni. Pika.”

Wiki ile nilikwenda kwa binti nikamwomba bahasha yangu. Nilimwambia sitaki tena kupeleka mbali. Nataka vyumba vibaki vyumba. Nilikaa kwenye meza yake nikaandika upya, na nilipokosea nilianza tena, na yeye akaninyooshea karatasi bila kuchoka. Kiwanja cha Lac Vert na vyote vilivyomo ni vya wanawake wanaotolewa nyumbani kwao na ukoo, wa kabila lolote, wenye watoto na wasio na watoto, na shirika liwatunzie. Kitakachozidi kiende kwa wenzao wa nchi za mbali, kwa kuwa mashemeji wako kila mahali. Ninataka kila mwenye mkanda mfukoni ajue kwamba kuna mlango wa chuma barabara ya Sake asioweza kuupima.

Binti alisoma, kisha akaniuliza kama nimesahau yale majina mawili na kijiko.

“Moja alikufa,” nilimwambia. “Ya pili iko kati ya babibi bengine. Asifukuzwe.”

“Ulimusamehe, mama?”

“Hapana.”

Ni kweli, hapana. Anaishi chumba cha katikati, anafagia ua kabla sijaamka, ananipikia na kuonja chumvi mara tatu kwa hofu. Akisikia mkasi wangu unakata, huinamisha kichwa. Ninamwona, na ninaendelea kukata. Ndani ya bahasha, pamoja na wosia, nimeweka kile kielelezo cha kola, na karatasi fupi inayosema ni nani aliyekikata na lini. Yote kwa mkono wangu, na tarehe, na sahihi. Binti ameagizwa kusoma vyote viwili kwa sauti siku ya kuondoa matanga yangu. Siku hiyo mke wa shemeji yangu atapata chumba chake, na atajua kwamba miaka yote hii alikuwa akibeba hatia yangu pamoja na yake.

Mpaka siku hiyo, abebe.